Pua ya Mwaja na Kiti Kimoja

Sogeeni. Na wewe wa nyuma usijifanye husikii, maana mwisho wa habari hii nina swali, na sitachagua wa kumwuliza. Nawatoa hofu mapema: hakuna anayekufa humu isipokuwa kuku. Kuna watu wanaotoka jasho, kuna mahindi yanayoungua, kisha watu wanapumua. Lakini wakishapumua ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kiti ni kimoja na wanaostahili kukikalia ni watatu.

Palikuwa na binti wa Kigogo, Mwaja Chilongani, na kipaji chake kilikuwa mikononi. Redio iliyowashinda mafundi wawili ilikuwa ikifika kwake inasema. Palikuwa na mama wa Kinyamwezi, Nyamizi Kasanda, mwenye malori na nyumba za wageni kule Tabora. Yeye alisoma watu. Akinywa na wewe kikombe kimoja cha chai alijua kama utamlipa au utamkimbia. Palikuwa na bwana wa Kisambaa, Hizza Shekalaghe, afisa katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma inayolea kampuni changa za teknolojia. Yeye alisoma karatasi. Sisi wengine tukipewa kanuni tunafungua ukurasa wa mwisho tutie saini. Yeye alizisoma zote, na tanbihi zake. Na palikuwa na Mzee Chidawali, mfanyabiashara wa mahindi kwa miaka arobaini katika mji mmoja wa soko, kando ya barabara kuu. Kipaji chake kilikuwa meno. Alitia punje moja mdomoni, akaing'ata, ikilia ka! aliwaambia wapakiaji wapakie. Wanunuzi wa mbali walinunua gunia mia kwa ushahidi wa meno yale.

Haya, mmewajua. Sasa nawaambia walivyokutana.

Mwaja alianza na kuku. Mwaka mmoja kuku kumi na mmoja wa shangazi yake walikula pumba asubuhi, na jioni walikuwa miguu juu. Daktari wa mifugo akasema ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyoloa. Haina harufu, haina ladha, na mahindi yakishasagwa haionekani.

"Sasa tutaijuaje?" shangazi akauliza.

"Pelekeni sampuli maabara. Majibu baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili, daktari? Hiyo pumba imetoka kwenye unga ambao tunaula tangu Jumapili!"

Hawakudhurika, Mungu mkubwa. Unga ukamwagwa, shangazi akalia kuku wake mpaka akachoka. Lakini zile wiki mbili zilimkaa Mwaja kooni. Alihangaika nazo miaka mitatu, akiunganisha, akibomoa, akiunganisha tena, hadi akapata kisanduku kisichozidi boksi la viatu. Unatia kijiko cha unga na matone ya dawa, unasubiri dakika kumi. Taa ikiwaka ya kijani, kula. Ikiwaka nyekundu, acha. Yeye alikipa jina refu la kitaalamu, lakini watu wa sokoni walipokiona wakakiita Pua, na jina la pili likalimeza la kwanza.

Pua moja lakini haifanyi kampuni. Ili zitengenezwe ishirini, thelathini, zipelekwe masokoni, palihitajika mtaji. Benki ilimwomba hati ya nyumba. Nyumba ya baba yake ilikuwa tembe ya udongo, na tembe haina hati. Wawekezaji wa mjini walimkaribisha kwenye ofisi yenye kiyoyozi, wakamwomba awaonyeshe faida atakayopata kwa miaka mitano ijayo. Mwaja akawaambia ukweli kwamba hajui hata ya mwezi ujao. Wakampa maji ya chupa, wakamsindikiza hadi kwenye lifti.

Ndipo mtu akamwelekeza kwa Nyamizi, kwamba kuna mama Tabora anaweka pesa zake kwenye kampuni za vijana badala ya kununua viwanja.

Wagogo na Wanyamwezi, kama hamjui, ni watani. Ni utani wa tangu zama za misafara, wa kurithi, na una adabu zake. Mtani akikutukana unacheka. Akikuvua kofia, unaiacha iende. Anaweza kuja msibani kwenu akalala mahali pa marehemu na mkamlipa ndipo anyanyuke. Kwa hiyo Mwaja alipofika na kuamkia, hata hakumaliza.

"Shikamoo mama, mimi naitwa—"

"Wewe ni Mgogo, inatosha," Nyamizi akamkata. "Eti una mashine ya kunusa ukungu. Kwenu mvua inanyesha siku mbili kwa mwaka, ukungu umeujulia wapi?"

"Ni nyinyi mliotuletea, mtani. Mlikuwa mkipita kwetu na mizigo kichwani, yote imeloa jasho."

Nyamizi akacheka mpaka akashika meza. Chai ikaja. Kuhusu mashine hakuuliza chochote. Aliuliza habari za kuku. Walikuwa wangapi? Shangazi alilia siku ngapi? Na wewe ulikuwa unafanya nini siku hiyo? Mwaja akajibu, na mama yule akamtazama kama mtu anayesoma barua. Wiki iliyofuata akauza malori mawili kati ya sita aliyokuwa nayo, akampa Mwaja pesa yote, akachukua theluthi ya hisa.

Siku ya kutia saini utani ulimwagika kama maji. Katikati yake Nyamizi akasema, "Nakupa miezi kumi na miwili. Siku ya mwisho ya Mei ikifika huna kibali cha serikali mkononi, nachukua kilichobaki cha pesa yangu, na hicho kisanduku nitafugia vifaranga."

"Chukua, mtani, na mimi nitakuja kuwapa pumba!"

Wakacheka wote wawili. Mwaja akatia saini huku akijifuta machozi ya kicheko. Katika maneno yote ya siku ile, hilo moja halikuwa utani. Nalo lilikuwa kwenye mkataba, kifungu cha tisa, limeandikwa bila vifaranga. Msimcheke. Mgogo aliyeketi na Mnyamwezi hapimi kila neno. Angepima, asingekuwa mtani.

Basi Mwaja akafanya kazi mwaka mzima kwa furaha. Akaajiri mafundi, akatengeneza Pua ishirini, akapeleka maombi ya kibali na kuyaacha yajiendee yenyewe. Katikati ya Mei simu ikalia.

"Zimebaki siku kumi na tano," Nyamizi akasema.

"Vifaranga umeshapata, mtani?"

"Mwaja."

Mwaja akakaza simu sikioni. Miezi yote hiyo mama yule hajapata kumwita jina lake.

"Nilipouza yale malori niliwaachisha kazi madereva wawili," Nyamizi akasema. "Nimekaa nao miaka tisa. Niliwaambia wavumilie hadi Juni, nitajua kama pesa imeota au imeoza. Sitawaongopea, hata kwa ajili yako. Kibali unacho?"

"Sina, mama."

"Basi kitafute, mwanangu. Nami naomba Mungu ukipate."

Mwaja akafungua mkataba, akakisoma kifungu cha tisa akiwa amesimama, kisha akakaa chini. Pesa yote ilikuwa imekwisha kuwa nyaya, vioo na mishahara. Kilichobaki ni kampuni yenyewe na zile Pua. Zikichukuliwa, miaka mitatu na kuku kumi na mmoja vimekwenda bure. Aliogopa, na aliona aibu, maana hakuna wa kumlaumu ila kicheko chake mwenyewe.

Kesho yake alikuwa Dodoma. Dirishani akaelezwa kwa nini maombi yake yamelala. Kanuni inasema mashine isiyo na kibali haipimi bidhaa ya mtu sokoni. Na kanuni hiyo hiyo inasema kibali hakitolewi mpaka mashine iwe imepima magunia mia tatu sokoni.

"Sasa mtu anafanyaje?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo, dada," akajibiwa kwa upole, na dirisha likafungwa kwa ajili ya chakula cha mchana.

Akabaki benchini, Pua moja mapajani. Bwana mmoja mwembamba mwenye miwani akapita na chupa yake ya uji, akarudi hatua mbili, akauliza kulikoni. Alikuwa Shekalaghe. Akamwita ofisini, akafungua kanuni yenye kurasa sitini na nne, akaanza kusoma kuanzia jalada. Mwaja alihesabu mapangaboi, akahesabu mafaili, akayahesabu upya. Kwenye ukurasa wa sitini na moja kidole cha Shekalaghe kikasimama. Palikuwa na aya moja isiyowahi kutumiwa na mtu: afisa anaweza kutoa kibali cha majaribio cha siku saba, kwa dhamana ya jina lake mwenyewe. Mashine ikileta madhara, atajibu yeye. Shekalaghe alikuwa amebakiza miaka minne astaafu.

"Mashine yako inasema kweli?" akauliza.

"Inasema kweli."

Akaiwasha, akapima unga wa uji aliouweka kabatini mwake, akaitazama taa ya kijani muda mrefu. Kisha akafungua kalamu.

"Bwana, una uhakika?" Mwaja akajikuta anamwuliza.

"Sina. Uhakika ungekuwepo, kanuni isingetaka jina langu." Akatia saini taratibu, herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka mto. Kisha akaandika barua ya pili kwa maabara ya serikali, kwamba sampuli za soko zikija zipimwe kabla ya nyingine, ili ijulikane kama Pua na maabara zinasema lugha moja.

Mwaja akaondoka mbio na siku zake saba.

Sasa sikilizeni alichokikuta sokoni kule kwa Mzee Chidawali. Magari ya wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka yalikuwa yamejipanga, matupu, siku ya nne. Kwao kulikuwa kumetokea maneno ya sumukuvu, na mkuu wao, mtu mpole mwenye kofia ya sufi, alisema wazi: "Hatukatai mahindi yenu. Tunakataa kubahatisha. Tuonyesheni lipi zima na lipi bovu, la sivyo tunageuza." Stoo thelathini na moja zilijaa. Wapakiaji walicheza bao, mama lishe walirudi nyumbani na masufuria yaliyojaa.

Mngesema Pua itapokewa kwa vigelegele. Wapi! Mwaja akaweka meza katikati ya soko, akaweka Pua juu yake na bambo pembeni, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje. Hakuja mtu. Kila mwenye stoo aliwaza jambo moja: kijani sawa, lakini je, ikiwaka nyekundu mbele ya wanunuzi? Nani anataka gunia lake liitwe sumu hadharani? Siku ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili pia. Jua liliwaka na Mwaja alisimama palepale, akiwasalimu watu waliogeuzia macho pembeni.

Siku ya tatu asubuhi Mzee Chidawali akaja na kiti chake, akakaa mbele ya meza.

"Mbukwa, binti."

"Mbukwa, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimechoka kuiona meza yako tupu, inanitia haya kama mgeni aliyenyimwa maji. Chukua bambo lako, njoo stoo kwangu. Mahindi yangu nayajua."

Soko zima likamfuata. Mwaja akachoma gunia la juu, la kati, la chini, akasaga, akatia dawa. Mzee akatia punje moja mdomoni. Ka! Watu wakacheka kwa furaha. Dakika kumi zikaisha, taa ikawaka nyekundu.

Mzee akatazama taa, akaitazama punje nyingine kiganjani, akaing'ata. Ka!

"Meno yangu yanasema kavu."

"Ni kavu kweli, mzee," Mwaja akasema. "Lakini kukauka leo hakuondoi kuvu iliyoota mwezi wa tatu. Yaliloa?"

Mzee akafikiri. Kweli, wakati wa masika bati moja lilivuja. Aliyatoa, akayaanika juani siku nne, akayang'ata, yakalia, akayarudisha. Kila mtu pale sokoni angefanya vivyo hivyo.

"Pima tena," akasema.

Nyekundu. Akaamuru gunia lingine. Nyekundu. La nne, la ukutani kabisa. Nyekundu.

Sasa, nyinyi mnaonisikiliza, mjue alikuwa na njia. Angeweza kusema mashine ni mbovu, na soko lote lingemshangilia, maana ndicho walichotaka kusikia. Angeweza kuipiga teke ile meza. Palikuwa na magunia mia moja na arobaini mle ndani, na hakuwa na mengine. Mwaja alimwona mzee akimeza mate. Alitamani kumwomba radhi, asijue kwa kosa lipi.

"Meno haya yamenilisha miaka arobaini," Mzee Chidawali akasema, "leo yamenidanganya. Itabidi nijiulize habari za walionunua kwa ushahidi wake." Akawageukia wapakiaji. "Toeni yote. Mwiteni bwana afya, yakachomwe shimoni, kila mtu aone."

Yakachomwa mahindi ya Chidawali! Moshi ule uliwafikia wanunuzi kwenye magari yao. Yule mwenye kofia ya sufi akaja kwa miguu hadi mezani. "Kama ingekuwa mashine ya kutubembeleza," akasema, "ingemwacha mzee huyu. Pimeni. Itakayosema kijani, tunapakia."

Watu wakakimbilia meza. Mwaja akaita mafundi wake na Pua zote ishirini. Siku mbili walipima bila kukaa, magunia mia tatu, mia nne, mia tano. Stoo mbili tu zaidi zikawaka nyekundu. Ishirini na nane zilikuwa za kijani. Magari yakaanza kuzama chini kwa mzigo, masufuria ya mama lishe yakarudi yakatoka matupu.

Sampuli zilikwenda maabara kwa gari la ofisi ya Shekalaghe. Tarehe thelathini majibu yakatoka: nyekundu zote nyekundu, kijani zote kijani. Kibali kamili kikagongwa muhuri asubuhi ya siku ya mwisho ya Mei, na Nyamizi alikuwa amekwisha kufika sokoni kwa lori lake, akisubiri. Mwaja alipompa karatasi, mama yule aliisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia.

"Haya, Mgogo. Vifaranga wangu watalala wapi?"

Basi Mwaja akakalia kitu cha kwanza kilichokuwa nyuma yake, nacho kilikuwa mizani ya magunia, akacheka na kulia kwa pamoja, hana haja ya kujificha. Kifua, ambacho kwa wiki mbili kilikuwa kama kimefungwa kamba, kilifunguka, akavuta pumzi mpaka chini. Mpakiaji mmoja akainama kusoma mizani. "Kilo hamsini na mbili," akatangaza, "na vumbi lake!" Soko likacheka. Madereva wawili wa Nyamizi walirudi kazini mwezi wa sita, mmoja akibeba Pua na mwingine akibeba dawa zake.

Hapo ningeishia, tukapige miswaki. Lakini ofisi ya serikali, ilipoona mambo yale, ilitoa fungu la kukuza kampuni, na kwa kawaida yake ikaweka sharti. Kampuni iwe na bodi ya watu wanne: mwasisi mwenyewe, mwekezaji, afisa wa serikali, na mtu wa soko. Kura zikifungana wawili kwa wawili, ya mwenyekiti ihesabiwe mara mbili. Na mwenyekiti asiwe mwasisi. Mwaja achague mmoja kati ya hao watatu, aandike jina.

Jambo lenyewe si la heshima tupu. Kampuni kubwa ya nje imeshabisha hodi ikitaka kuinunua Pua. Nyamizi angeuza, kwa bei nzuri, pesa izae kampuni nyingine kumi za vijana. Shekalaghe asingeuza; angetaka Pua iwekwe katika kila soko la serikali kwa bei ya chini, hata kama kampuni itakua pole pole kama mbuyu. Mzee Chidawali angetaka isiuzwe wala isitawanywe kwanza, ibaki mikononi mwa masoko yenyewe, wenye mahindi wapimane wao kwa wao. Atakayekalia kiti ndiye atakayeamua maisha ya Pua, na Mwaja anajua hivyo.

Jana wamekaa wote wanne, wali na kuku mezani, kuku wazima safari hii. Mwaja akawaomba waseme.

"Mimi niliingia kabla ya wote," Nyamizi akasema. "Hapakuwa na kibali, hapakuwa na soko, palikuwa na msichana na hadithi ya kuku. Bila malori yangu mngekuwa na Pua moja, iko uvunguni kwa shangazi."

"Ni kweli," Shekalaghe akasema kwa sauti yake ndogo. "Lakini mama, ulijiwekea kifungu cha tisa. Ungeshindwa, ungebeba kampuni. Mimi sikuwa na kifungu. Ningeshindwa, ningepoteza kazi na pensheni, na nikifanikiwa mshahara wangu ni uleule. Bila ile aya, Pua ishirini zingekuwa mapambo."

"Ulitia saini ukiwa umekaa, bwana," Nyamizi akamchokoza, "na hukutoa hata shilingi yako."

Mzee Chidawali alikuwa akitafuna taratibu. "Mimi sina la kudai," akasema. "Lakini mmeniuliza. Pesa ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, na meza ilikaa tupu siku mbili. Watu hawakuiamini Pua kwa sababu ya malori wala muhuri. Waliiamini walipoona moshi."

"Mzee, nisamehe," Shekalaghe akasema, "ulikwenda ukijua mahindi yako ni mazima. Hukukusudia kupoteza."

"Hapana, sikukusudia," mzee akakubali. "Nilikusudia kuringa. Lakini ilipowaka nyekundu mara ya nne, pale nilikuwa nimeshajua, ndipo nikasema yachomwe."

Kisha Nyamizi akamwongezea mzee paja la kuku, na mzee akampitishia Shekalaghe pilipili. Hakuna aliyekasirika, na Mwaja akashukuru kwa hilo moyoni, maana nusu ya hofu yake ilikuwa hiyo. Wote watatu wakamwambia neno moja: atakayemwandika, wawili waliobaki watampa mkono.

Kwa hiyo leo hakimbizwi na mtu. Fomu iko mbele yake, Pua zinafanya kazi, soko linapakia. Ameshaanza kuandika mara tatu, na kila akiinua kalamu anaona uso wa ambaye hamwandiki.

Sasa ni zamu yenu. Msiniambie aandike majina yote. Mstari ni mfupi. Wala msiniambie apige kura ya vijiti, hii si bahati nasibu. Mmoja aliiamini Pua kabla haijawa kitu. Mwingine aliiwekea jina lake bila kuwa na uhakika. Wa tatu alikubali ukweli wake siku ulipomuunguza. Mwondoe yeyote kati yao, na lile soko lingekuwa tupu mpaka leo.

Karatasi hii hapa, na kalamu nimeifungua. Wewe, ndiyo wewe uliyekuwa unajifanya husikii: ungeandika jina la nani, na ungewaambia nini wawili waliobaki?